Panga Mbili Zinazolingana

Mjini Meerane, Lothar Seltmann alijulikana kwa mambo mawili: ubishi wake na samaki wake. Kazi yake ilikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, mpaka kiwanda kilipofungwa, na tangu hapo maisha yake yote yalihamia chumba kidogo nyuma ya jiko. Humo alifuga gapi, samaki wadogo wa maji yasiyo na chumvi, ambao dume wao hafikii urefu wa kidole cha mwisho. Wafugaji wengine huridhika na gapi wa rangi nzuri. Lothar hakuwa wa kuridhika. Alitaka dume mwenye mkia wa panga mbili, upanga mmoja juu na mmoja chini, na panga zenyewe zilingane sawasawa. Aliyezaliwa na upanga mmoja mrefu kuliko mwenzake hakupewa jike. Alipelekwa shule ya chekechea ya mtaani, ambako watoto walimpa jina na kumlisha mpaka akavimba tumbo.

Mkewe Sieglinde aliishi na samaki hao kama mtu anavyoishi na mama mkwe: kwa heshima na kwa umbali. Hakuwagusa. Hata hakuruhusiwa. Kwa hiyo Lothar alipoambiwa kwamba moyo wake unahitaji kipande kipya na kwamba atalazwa, kilichomsumbua mama wa watu kwanza ni mumewe, na cha pili kilikuwa lile tangi.

Lilikuwa limebaki tangi moja tu. Nguvu zilipoanza kumwishia, Lothar alifunga mengine yote, akawaweka samaki wake bora katika tangi refu la kioo lililogawanywa katikati kwa kioo kingine chenye matundu. Madume kulia, majike kushoto, maji yaleyale. Jike wa gapi akishakutana na dume mmoja, huitunza mbegu yake miezi na miezi, na kosa la dakika moja huharibu kazi ya miaka.

"Unawapa chakula cha kushika kwa vidole viwili, asubuhi na jioni," alimwagiza akiwa ameshavaa koti. "Basi. Usiguse kitu kingine, mama. Usihamishe, usipange, usinisaidie."

"Nani anataka kukusaidia wewe," Sieglinde alisema, na akamfunga skafu shingoni.

Upasuaji ulikwenda salama. Moyo ulidunda vizuri, kidonda kilikauka. Akili ndiyo haikurudi. Lothar aliamka akamwita mkewe kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, akamdhania muuguzi kuwa msimamizi wa kiwandani, akadai viatu vyake kwa kuwa zamu inaanza. Daktari, binti mwenye sauti ya upole, alisema wazee wengine hutoka kwenye dawa ya usingizi namna hiyo. Wengi hurudi, wengine huchukua muda, na wengine, basi. Mletee vitu anavyovijua.

Sieglinde alileta mto wake, picha ya arusi, na keki ya jibini ya siku ya Jumapili ambayo Lothar aliila kwa shukrani kama amepewa na mgeni. Alimwimbia hata wimbo wa kwaya, mama wa watu, mbele ya wagonjwa wengine. Hakuna kilichofika. Halafu siku moja, akiwa ameishiwa la kusema, alimwambia tu kwamba samaki hawajambo.

Lothar aligeuza kichwa kwenye mto wake, uso ukamkunjika. "Majike bado wako peke yao? Usije ukanifanyia mchanganyiko huko!"

Ilikuwa sauti yake. Ukali wake uleule wa miaka yote, ambao Sieglinde alikuwa ameulalamikia kwa kila jirani aliyekubali kusikiliza. Alitoka wodini akalia kwa furaha. Aliporudi, mumewe alikuwa akiuliza tena viatu viko wapi, lakini mama alikuwa ameshapata pa kushika. Akimfikisha nyumbani, akamketisha mbele ya samaki wale, Lothar atarudi. Hilo ndilo tumaini alilokuwa nalo, na hakuwa na la akiba.

Tarehe ya kumtoa ilipotajwa, Sieglinde alifanya kile ambacho mwanamke yeyote wa Meerane angefanya. Alisafisha nyumba. Alishusha mapazia, akasugua ngazi, akafuta vioo mpaka ndege wangejigonga, na mwisho akafika chumba cha samaki. Pembeni mwa tangi kulikuwa na sponji la chujio, ambamo bomba huvutia maji. Lilikuwa jeusi, linateleza, linanuka matope. Mama aliona aibu. Mtu anatoka hospitali, moyo umeshonwa, aje akute uchafu kama huu? Alilitoa, akalipeleka kwenye sinki, akalifua kwa maji ya moto, akalikamua na kulifua tena mpaka likawa la njano kama lilivyotoka dukani. Alilirudisha mahali pake, akasimama akalitazama, akajipongeza.

Hakuna aliyewahi kumwambia, kwa sababu Lothar hakufikiri kwamba kuna mtu duniani angeligusa. Ule uchafu ndio uliokuwa ukisafisha maji. Katika ule utelezi waliishi vijidudu wanaokula sumu ya kinyesi cha samaki, na maji ya moto yaliwamaliza wote. Maji yalibaki maangavu, yakiendelea kuwa sumu kimyakimya.

Baada ya siku chache samaki walikuwa juu kabisa, midomo wazi, wakihema. Sieglinde akampigia simu mtu pekee aliyemjua kuwa mjuzi wa samaki, ambaye Lothar angekasirika akisikia ameingia chumba kile: Gernot Uhlig.

Gernot alikuwa mwenyekiti wa chama cha wafugaji. Yeye na Lothar walianza pamoja ujanani, kwa samaki waliogawana kutoka chupa moja, na tangu siku hiyo walishindana. Samaki wa Gernot walikuwa na kasoro isiyotoka: upanga wa juu ulizidi wa chini. Kwenye mikutano, Lothar alikuwa akipaza sauti kutoka nyuma, "Gernot, samaki wako wanachechemea!" naye Gernot hujibu, "Afadhali samaki kuliko roho, ndugu yangu." Wafugaji wengine huwapa marafiki jozi chache za wazao wao, ili balaa likiingia nyumba moja, mbegu ibaki nyumba nyingine. Lothar hakumpa mtu. Aliogopa wataharibiwa.

Gernot alifika na ndoo mbili, akiwa bado na viatu vya bustanini. Alichovya kikaratasi cha kupimia, akakitazama rangi, kisha akaliona sponji.

"Shemeji," alisema polepole, "hili umelifua?"

"Lilikuwa chafu."

"Kwa maji ya moto?"

"Sasa Gernot, mtu anafulia maji ya nini? Ya baraka?"

Gernot alifungua mdomo, akamtazama yule mama aliyeshika kitambaa cha vumbi, akaufunga. Alimweleza kwa maneno machache. Sieglinde alikaa chini juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Walijaribu. Gernot alibadilisha maji, akaenda kwake akaleta sponji chafu kutoka tangi lake mwenyewe, amelibeba kwa mikono miwili chini ya koti lisipoe. Lakini wale walikuwa samaki waliooana ndugu kwa ndugu vizazi vingi kwa ajili ya uzuri wa mkia, na uzuri hauna kifua cha kuhimili sumu. Madume walitangulia. Panga zao zilijikunja, wakalala ubavu, wakawa wanapelekwa na maji huku na huku. Sieglinde alikaa mbele ya kioo kutwa nzima. Hakuweza kuwapa dawa, hakuweza kuwashika, hakuweza hata kuwaomba msamaha kwa lugha watakayoielewa. Aliwaopoa kwa chujio la chai, mmoja mmoja, na kila mmoja alimwona ni kipande cha Lothar kinachotoka nyumbani. Jike wa mwisho alikufa Jumanne mchana, redio ya jirani ikipiga muziki wa densi.

"Niwalete samaki wangu," Gernot alisema.

"Atajua."

"Atajua kabla hajavua koti. Atanitukana mpaka jirani afunge dirisha." Gernot alivuta pumzi. "Na akinitukana, shemeji, si ndiyo tumempata?"

Sieglinde alimtazama. Hilo hakuwa amelifikiria.

Asubuhi ya siku ya kumpokea, Gernot alikuja na samaki. Hakuleta walio bora. Alikuwa amechagua wabaya kuliko wote, madume ambao upanga wa juu ulikuwa karibu mara mbili ya wa chini. Akakiondoa na kile kioo cha katikati, akawaachia madume na majike waogelee pamoja.

"Hapa hata kipofu atapiga kelele," alisema, akajifuta mikono kwenye suruali.

Gari la hospitali lilimleta Lothar kabla ya chakula cha mchana. Alipanda ngazi kwa fimbo, akisema asante kila hatua. Sieglinde alipomvua koti, alisema, "Asante, sista." Mama hakumsahihisha. Alimshika mkono, akampitisha jikoni, akamwingiza chumba kile na kumketisha kwenye kiti chake.

Lothar aliinama, pua karibu na kioo, mikono magotini, vilevile alivyokuwa akiinama miaka yote. Sieglinde alijishika kifua. Gernot alikuwa amesimama nyuma, kofia mkononi, akisubiri kama mtoto anayengoja kuitwa mbele ya darasa.

Lothar alitazama kwa muda mrefu. Macho yake yalimfuata dume mmoja, akaja mwingine akampita, yakamfuata huyo.

"Wazuri," alisema. "Wazuri sana hawa."

"Tazama mikia, Lothar," Gernot alisema.

"Naiona."

"Tazama vizuri. Upanga wa juu."

"Ndiyo. Mrefu." Lothar alitabasamu kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa wajukuu wa watu. "Unapendeza."

"Haupendezi! Umezidi! Vilema hawa, Lothar, ni wangu hawa, nimewachanganya na majike, tazama, wote pamoja! Sema kitu. Niambie mimi mharibifu. Niambie nikafuge bata!"

Sieglinde alimgusa mkono wa shati, hakujua kama anamzuia au anamshikilia asianguke yeye mwenyewe. Maisha yake yote alikuwa ameutamani upole katika nyumba ile, na sasa upole ulikuwa umeketi pale kitini, na angetoa chochote upigwe teke utoke nje.

Lothar alikuwa amegeuka. Alimtazama yule mzee mwenye macho mekundu aliyesimama nyuma yake, na akamwonea huruma.

"Na wewe, bwana, unafuga?" aliuliza.

Gernot aliigeuza kofia yake, akaigeuza tena.

"Kidogo," alisema. "Ndiyo kwanza naanza."

"Basi vuta kiti ukae, usione haya. Sote tulianza hivyo."

Gernot alivuta kiti akakaa, na Lothar akanyoosha kidole kwenye kioo, akaanza kumfundisha jinsi ya kutofautisha dume na jike.