Kwinsi la Mgonjwa Mbishi

Mume wangu ni fundi cherehani, na ni mbishi. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoka nje kuhakikisha. Ndiyo maana nilishangaa alipoanza kula kwinsi kila asubuhi bila kunung'unika. Kwinsi ni tunda la njano, gumu, ndugu yake pea, na ukilila bichi linakukausha mdomo. Mimi nililichemsha na ganda lake mpaka likageuka rangi ya waridi, kwa maagizo ya binti yetu anayepima matunda maabara.

Binti alitueleza mezani kwamba kwinsi lina antioksidanti nyingi, hasa kwenye ganda. Hizo hupunguza kuharibika kwa seli za mwili, kama maji ya limau yanavyolichelewesha tufaha lililokatwa lisigeuke kahawia. Huenda likausaidia moyo, alisema, ila uchunguzi bado. Baba yake alikuwa ameshaanza kutabasamu, akaongeza kipande cha pili.

Siku moja nilimkuta ameshonea koti la mteja mkono wa kulia upande wa kushoto. Fundi wa miaka yote hiyo! Alikuwa ameshika kichwa, macho mekundu. Nikafungua droo kumtolea kidonge cha presha anachotakiwa kumeza kila siku, nikakuta pakiti haijaguswa. Niliogopa sana. Dada yake tulimzika kwa presha hiyo hiyo. Sikio la kufa halisikii dawa, nikajisemea, nikampigia binti simu.

Alikuja mbio, koti la maabara bado mwilini, akampima. Presha ilikuwa juu.

"Vidonge umeacha lini, baba?"

"Tangu nianze tunda lako."

"Nani alikwambia uache?"

Fundi akaupapasa ule mkono wa koti alioukosea. "Mwanangu, watu hapa mtaani wanasema kazi yako ni kuosha chupa. Nilitaka nipone kwa kwinsi tu. Ningewaambia, huyu ndiye binti yangu, na hii ndiyo kazi yake."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kumtolea. Nikayameza.

Binti akavuta kiti, akakaa karibu naye. "Tumelipima kwenye vichupa, baba. Kwa binadamu tunajua kidogo sana. Endelea kula, ni tunda zuri, lakini halishiki nafasi ya kidonge. Sasa hivi tunakwenda kwa daktari."

"Basi mimi ningekuwa ushahidi wenu."

"Mtu mmoja si ushahidi."

"Hata akiwa baba yako?"

Nilidhani atacheka, maana wawili hawa hutaniana kutwa. Hakucheka. Midomo ilimtetemeka kama alipokuwa mdogo.

"Matunda tunayo makapu na makapu," akasema. "Likiharibika moja, nachukua jingine. Baba ninaye mmoja. Sina wa kujaribia."

Mbishi wangu akaliweka koti la mteja kando. Akainuka, akaniomba viatu vyake.