Mapipa Manne ya Firmin

Huguette Vauchez alijua kuna jambo kabla hajamaliza ngazi za kwenda darini. Harufu ilikuwa imebadilika. Chini ya vigae vile siku zote palinuka kokwa za jozi, vumbi na mbao zilizopigwa jua. Sasa palinuka mvinyo mchanga, kama meza ambayo mtu amemwaga glasi asiifute.

Clarisse, mke wa marehemu mwanawe Firmin, alikuwa amepiga magoti kwenye pipa la tatu. Jagi lilikuwa mkononi, funeli kwenye tundu la juu.

"Unafanya nini?"

"Najaza, Mama."

Alisema hivyo kwa utulivu wa mtu anayeanika nguo. Huguette alishika boriti.

Huko Jura, mashariki mwa Ufaransa, kila mtoto anajua kwamba pipa la mvinyo wa manjano halijazwi. Unalitia mvinyo, unaliweka mahali penye joto la kiangazi na baridi ya kipupwe, kisha unaliacha kwa miaka sita na zaidi. Mvinyo unapungua, na juu yake hamira inatandaza utando mwembamba wenye makunyanzi, kama malai juu ya maziwa. Utando huo ndio mlinzi wake. Ukiumwagia kitu juu, unachanika na kuzama, na hakuna wa kuurudisha. Lakini Clarisse alitoka Beaune, kwa watu wa Burgundi, ambako pipa lenye nafasi ni aibu ya mwenye nyumba. Baba yake alijaza mapipa yake kila Ijumaa bila kukosa.

"Firmin hakukwambia?"

"Aliniambia."

"Sasa?"

"Kuna pipa linachacha. Nasikia harufu ya siki tangu Pasaka. Nilikwambia, Mama."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia mezani. Mara ya kwanza ukasema pua ya Burgundi inajua supu tu. Mara ya pili ukasema umeonja, yote yako sawa. Juzi ukaniambia nikamwogeshe mtoto." Clarisse aliweka jagi chini. "Harufu haisemi inatoka pipa lipi. Kuvuta kizibo cha chini nionje siruhusiwi, hilo ni la mkuu wa nyumba, Firmin alinisisitizia sana. Na utando wa pipa linalochacha umeshakufa, unalinda nini? Kwetu tunajaza. Nikaona bora niyajaze yote kuliko kuyapoteza yote."

"Umejaza na nini?"

"Mvinyo wa mwaka jana."

Yaani mvinyo ambao Firmin hakuugusa kwa mkono wake. Alikufa majira ya kuchipua miaka mitano iliyopita, trekta lilipompindukia kwenye mteremko wa juu, na binti yake Apolline akazaliwa wakati wa mavuno yaliyofuata. Mapipa haya manne yalikuwa mavuno yake ya mwisho. Katika ukuta wa ghala la chini kuna vishubaka, kimoja kwa kila mkuu wa ukoo wa Vauchez, na ndani yake chupa za mvinyo wake wa mwisho, zilizojazwa na aliyemrithi. Kuna cha yule aliyepandikiza upya mizabibu yote baada ya wadudu kula mizizi. Kuna cha yule aliyerudi vitani na pafu moja, na cha Anselme, mume wa Huguette. Cha Firmin kilikuwa kitupu, kikisubiri Krismasi ijayo.

Huguette alimwita Régis, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa akipogoa nyuma ya nyumba. Régis alipanda, akanusa, akatazama funeli.

"Loo. Burgundi wametuvamia tena. Zamani walau walikuja na farasi."

"Régis, si leo," Huguette alisema.

"Haya, shemeji. Nanyamaza."

Alifungua pipa la kwanza, akamulika tundu kwa tochi. Utando ulikuwa vipande vipande, umelegea kama mkate ulioanguka kwenye maji. La pili hivyohivyo. La tatu Clarisse alikuwa amelifikisha nusu, na huko pia hapakuwa na cha kuokoa. Likabaki la nne, la ukutani, ambalo hakuwa amelifikia.

"Hili ni zima," Huguette alisema. "Hili moja linatosha. Lionje."

"Mkuu ni wewe."

"Vuta wewe."

Régis alichuchumaa, akashika kizibo chembamba cha mti kilicho chini kwenye uso wa pipa. Hakikutoka. Akachukua koleo, akakizungusha. Kilikuwa kikavu kama mfupa na kimeshikana na mbao, na mwishowe kilikatika. Régis akabaki na nusu yake mkononi.

"Shemeji," alisema polepole, "hiki hakijavutwa tangu siku Firmin alipokigonga."

Alitoboa nusu iliyobaki kwa msumari, na uzi wa mvinyo ukaingia kwenye glasi. Hakuhitaji hata kuuweka mdomoni. Ilikuwa siki, iliyoiva zamani. Pipa hilo lingegunduliwa mapema, mvinyo wake ungeondolewa na kunyweka kama mvinyo wa kawaida, na hayo matatu hakuna ambaye angeyagusa.

Clarisse alimgeukia mkwewe. "Ulisema umeonja. Januari na Juni, kila mwaka. Unapanda na glasi, unashuka, unasema yako sawa."

Huguette alipanda kweli. Kila mara aliketi kwenye kiti cha Anselme, glasi kavu mapajani, akiyatazama mapipa mpaka miguu ife ganzi. Hakuweza kuuweka mvinyo wa Firmin mdomoni. Angeuonja, ungeanza kuisha. Angeweza kusema hivyo sasa. Maneno yalikuwa machache tu, na binti huyu angeyaelewa kuliko mtu yeyote duniani.

"Nilionja," alisema.

Régis akatazama vigae. Clarisse aliosha jagi kwenye ndoo, akalipangusa, akashuka.

Asubuhi gari lake lilikuwa uani, milango wazi, masanduku yameshapakiwa. Huguette alisimama mlangoni na aproni yake. Apolline, aliyekumbatia sungura wa kitambaa, alimwita.

"Bibi, huji?"

"Bibi ana kazi," Clarisse alimjibu. Akazunguka upande wa usukani, akasita, akamtazama Huguette kwa muda mrefu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kupita.

"Mfunge mtoto mkanda vizuri," Huguette alisema.

"Nimemfunga, Mama."

Gari likatoka getini.