Mbao za Siku ya Tano

Ojwang alikuwa mlangoni kwake mtaani Kisumu Ndogo, mguu juu ya kreti ya soda, magongo ukutani, amejaa hasira. Ilikuwa hasira ya miezi mitano na haikuwa imepungua hata chembe. Slabu, sakafu ya zege ya ghorofa, ilimwangukia alipokuwa kazini kwenye mjengo mmoja Kawangware, ikamsaga mguu wa kushoto, kipande cha mfupa chenye urefu wa kidole kikasagika kabisa. Daktari Nthenya alimwonyesha picha: mfupa juu, mfupa chini, katikati hewa tupu.

Hapo katikati daktari alimtia kiunzi, kitu cheupe chenye vitundu kama mkate, kilichochapishwa na mashine, tabaka juu ya tabaka, kwa kipimo cha mguu wake wa kulia ulio mzima.

"Mfupa utatambaa uingie humu," alimweleza. "Mfupa ukikaza, kiunzi kitayeyuka chenyewe mwilini, pole pole. Hakuna kurudi kukitoa."

"Kumbe ni kama mbao zinazobeba slabu mpaka ikauke," Ojwang alisema, "ila hizi zinajitoa zenyewe."

"Na hazijitoi mapema. Wa kuharibu ni wewe. Ukiukanyagia mguu huu kabla sijakuambia, sina pengine pa kuanzia. Kaa."

Basi alikaa. Fundi wa mbao aliyezoea kupanda ghorofa nane na misumari mdomoni, leo anafukuza nzi!

Jumapili moja, baada ya kanisa, akaja Timothy, kaka wa mkewe Nasipwondi. Timothy ndiye aliyechukua kazi yake kwenye mjengo ule ule, ambao ulikuwa umeanzwa upya.

"Niaje, shemeji."

"Poa. Kazi?"

"Iko. Kesho asubuhi tunatoa mbao za slabu ya kwanza."

Ojwang aliacha kufukuza nzi. "Mlimwaga lini?"

"Jumatano."

Alihesabu kwa vidole. Mpaka kesho, siku tano. Ile iliyomwangukia ilikuwa na siku saba.

"Mna wazimu? Slabu inataka wiki tatu!"

"Derrick anasema mwenye nyumba anataka mbao zipandishwe zitumike ghorofa ya juu." Derrick ndiye nyapara. "Nikikataa, getini kuna watu ishirini wanangoja nafasi yangu. Na usinipigie kelele, shemeji. Hata wewe ulijua, na bado uligonga nguzo zilizobeba mbao ukazitoa."

Nasipwondi aligeukia jiko, akajifanya anakoroga samaki wa omena.

Kweli Ojwang alijua. Alimwambia Derrick zege bado ni bichi, Derrick akacheka, naye akachukua nyundo akagonga, kwa sababu ya woga tu, woga wa kurudishwa nyumbani. Alimchukia Derrick mpaka meno yakamuuma, lakini usiku huo aliyemnyima usingizi alikuwa yeye mwenyewe.

Asubuhi alimwita mtu wa bodaboda, akabebwa mpaka Kawangware, mguu umenyooshwa pembeni, magongo kwapani. Aliingia kwenye mjengo kabla ya wengine, akajikokota katikati ya nguzo, akakalia jiwe chini ya slabu.

Derrick alifika na vibarua nyuma yake, Timothy akiwemo, akamwona, akashika kiuno.

"Ojwang! Ebu toka hapo, watu wafanye kazi."

"Wafanye. Gongeni."

"Usituletee shida, mzee."

"Shida?" Sauti yake iligonga kuta zote. "Shida umeileta wewe, na mguu wangu ndio ulioibeba! Nina mfupa mchanga humu ndani, Derrick, nao una watu wa kuungojea! Mashine imeuchapia kiunzi, daktari anauangalia kila mwezi, hakuna anayeuharakisha! Kwa mfupa wa mtu mmoja wanangoja mwaka mzima, na wewe, kwa slabu itakayolaliwa na watoto wa watu, wiki tatu zinakushinda? Huna hata haya!"

Hakuna aliyecheka. Derrick alimgeukia Timothy. "Ni shemeji yako. Mtoe."

Timothy alikuwa na nyundo mkononi. Aliangalia mguu wa Ojwang, akaangalia slabu iliyo juu. Kisha akaiweka nyundo chini, akaenda akaketi karibu na Ojwang, bega kwa bega. Vijana wawili waliokuwa mlangoni wakaanza kuvua glavu.

"Sasa mtakaa hapo mpaka lini?" Derrick akapiga kelele.

"Daktari aliniambia nikae," Ojwang akasema. "Nimekaa. Zimebaki siku kumi na sita wiki tatu zitimie."