Nguzo ya Kona

…ardhi, aseme ni ardhi tu, neno moja na panga litaondoka shingoni mwa mzee, mchanga wa kijivu si huu hapa, umetapikwa na nyufa za sakafu mpaka umefunika viatu vyake, nani atambishia, yeye Leimara ndiye mhandisi aliyetumwa na serikali kuchunguza kwa nini tetemeko lililaza duka hili na kuyaacha ya pembeni yamesimama… “Shemeji, nakuuliza, ni ardhi au ni huyu?” Kaltau hakupaza sauti, goti lake lilikuwa kifuani mwa Toara, fundi aliyelijenga duka, makali chini ya kidevu, uzi mwembamba wa damu ukishuka hadi kwenye kola, na Leimara akashangaa jinsi alivyopenda kuiona ile damu, maana mdogo wake Leiwia, mke wa Kaltau, alitolewa humu akiwa bapa kama jani la mgomba la kufungia laplap, ule mkate wa viazi, uso hakuna, wakamtambua kwa nywele, nywele alizomsuka yeye Leimara, vidole bado vina harufu ya mafuta ya nazi… “Mwanangu, ardhi ilichemka ikawa uji, we mwenyewe unaona,” Toara akakoroma, na kweli ilichemka, lakini jengo lilizama kiganja kimoja tu, alama ipo ukutani, kiganja hakiui mtu, kilichoua ni nguzo hii ya kona aliyoigonga sasa hivi, zege likamomonyoka kama ukoko, ndani ringi moja ya kufunga nondo hapa, ya pili mkono mzima mbali, zilipaswa kubanana, nondo zimechanua nje kama mbavu, na nyundo bado anayo, mchinje Kaltau, mchinje, au nipishe mimi nimpasue, asimjengee tena mtu… kwani amemjengea nani mwingine, lile bweni kule kilimani, limepasuka na wasichana wanalala humo, nani ajuaye ni nguzo zipi alizozipunja, akifa anakwenda na siri hiyo… “Usinifiche, shemeji.” “Sikufichi, ni yeye,” Leimara akasema, “ardhi ilimsaidia tu. Lakini namtaka bwenini, anionyeshe kila nguzo aliyoiibia ringi. Kuna watoto wa watu mle.” Panga halikusogea, Kaltau alipumua kwa mdomo, uzi wa damu ukanenepa, na Leimara, aliyetaka kumwokoa kwa uongo kisha akataka kumuua, sasa alimkodolea macho yule mzee akimwamuru kimoyomoyo, usife, mshenzi we, usithubutu kufa kabla hujasema…