Boliti Iliyokatikia Ndani

Kiat aliambiwa na mama yake asiiguse ile pikipiki. Akaigusa. Alitaka kubadilisha ekzosi iliyooza, boliti ikagoma, naye akaona hawezi kushindwa na kichuma. Akachomeka bomba refu kwenye spana, akaning'inia. Ka! Kichwa cha boliti kikaruka, mwili ukabaki ndani ya injini.

Mama yake huyo, Mama Gwat, alianza kuuza tofu laini ya soya yenye tangawizi juu ya pikipiki hiyo kabla Kiat hajazaliwa. Injini za aina hiyo hazitengenezwi tena, na mama alishasema wazi: siku ikifa, na biashara basi, atakaa mlangoni afukuze nzi. Kwa hiyo Kiat aliisukuma vichochoro vyote vya mji wa Tainan, jasho likimtoka, mpaka kwa fundi Siok-hun.

"Nani kafanya unyama huu?" fundi akauliza, akichuchumaa.

"Mimi, dada."

"Kwa spana au kwa meno?"

Kiat akacheka kwa shida. "Si utoboe tu na drili, dada, tumalize kabla mama hajaamka?"

"Nitoboe? Hii?" Akamkazia macho. "Aluminiamu laini hivi, drili ikiteleza imekula kwenu. Kaa hapo, funga mdomo."

Akapulizia mafuta, akagongagonga na nyundo ndogo huku ametega sikio. Akapachika nati juu ya kile kisiki, akawasha mashine ya kuchomelea. Juu yake palikaa pakiti ya kijani ya vitafunio, kama ilivyo desturi ya karakana zote za huko, ili mashine isinune. Kiat akaichungulia tarehe, maana iliyochacha huleta mkosi. Haikuwa imeisha muda. Cheche zikaruka. Spana ikazunguka, nati ikang'oka peke yake, kisiki kikabaki ndani.

Siok-hun, mwanamke wa kutukana hata mvua, akaiweka nati kando taratibu. Akachomelea nati nyingine, akangoja wekundu upoe kidogo, akagusisha mshumaa, nta ikayeyuka, ikanyonywa ndani kulainisha kutu. Kisha akakaza.

"Dada, unakaza!"

"Nyamaza."

Mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele tena. Jamani, ile mikono! Minene, imejaa makovu, lakini ilishika spana kama mtu aliyeshika yai. Boliti ikalia kwii, ikalegea, ikatoka nzima nzima.

"Dada, wewe ni balaa!" Kiat akapiga makofi.

"Balaa kweli," ikasema sauti mlangoni. Mama Gwat alikuwa amesimama na ndala zake. Jirani alikuwa amemwona Kiat akisukuma, akaenda kumwamsha. Akainama, akagusa boliti ya pili ya ekzosi, nene, iliyokaa upande. "Unaiona hii? Kazi ya huyuhuyu. Alikuwa binti mdogo, mtaa mzima hakuna aliyetaka msichana amshikie pikipiki. Nikampa mimi. Akaikata boliti kama wewe, akaitoboa na drili, tundu likaenda mshazari."

"Mama naye! Mpaka leo?" Masikio ya Siok-hun yalikuwa mekundu.

"Na ukaendelea kumletea?" Kiat akauliza.

"Kesho yake tu. Nimpelekee nani mwingine? Yeye ndiye aliyekesha akiililia pikipiki yangu."

Kiat akafungua mdomo aombe radhi. Mama yake akachukua boliti mpya mkononi mwa fundi, akamwekea Kiat kiganjani pamoja na spana.

"Haya, funga. Anza na vidole."

Siok-hun akasogea kumpisha.