Shule ya Madoa

Wengine wana presha, wengine wana kisukari. Dobi alikuwa na kinyaa.

Miaka thelathini na minane alikuwa akifua uchafu wa watu, na kama unadhani kazi hiyo humzoesha mtu, umekosea. Inamzidishia. Mheshimiwa anapita barabarani na suti yake, shikamoo kulia, shikamoo kushoto, na Dobi naye anaitikia kwa adabu huku moyoni anasema: wewe baba, makwapa yako nayajua. Alijua nani hulala akitoka udenda. Alijua nani hufutia kamasi kwenye mkono wa shati, na nani humwambia mkewe alikuwa kikaoni hali kola inanuka sigara na samaki wa kukaanga. Khaa! Binadamu ni kiumbe kichafu, tusidanganyane. Dobi hakula kwa mtu, hakunywa kwa mtu, na akikupa mkono, hujafika mlangoni utasikia bomba linafunguliwa.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa mtoto wa miaka minne.

Hakukuwa na njia nyingine. Binti yake, mwana wake wa pekee, alikuwa na mimba ya pili, na mimba hiyo ilikuwa inamsumbua. Daktari alimwambia alale wodini mpaka ajifungue, wiki tatu, asinyanyue hata ndoo. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa huko mipakani na mzigo wa watu. Mke wa Dobi alishatangulia mbele ya haki siku nyingi. Akabaki Dobi.

"Shikamoo, baba," binti alisema, amesimama mlangoni ameshika kiuno. "Nimekuletea Kidole."

"Marahaba. Amenawa?"

Kidole halikuwa jina lake la kuzaliwa, lakini ndilo lililomfaa. Hakuna kitu kilichopita mbele ya mtoto yule bila kuchokolewa: sikio la paka, keki ya watu, tundu la pua, lake na la jirani. Siku ile ile, hata viatu hajavua, alishachovya kidole kwenye beseni la wanga wa kukazia kola, akakilamba, akakirudisha tena beseni. Dobi akalimwaga beseni zima.

Binti akatoa karatasi mkobani. Ilikuwa imetoka kwa mwalimu wa darasa la awali ambalo Kidole angeanza muhula ujao, na juu yake imeandikwa kwa herufi za rangi: Michezo ya Kufurahisha ya Kujifunza Nyumbani. Kila mchezo ulikuwa na kisanduku cha kuwekea alama ya vema.

"Baba, hii ifanyike yote. Si kwa ajili ya mwalimu tu. Kila siku mimi na yeye tunacheza mchezo mmoja, ndiyo kawaida yetu. Wodini watoto hawaruhusiwi, kwa hiyo hatutaonana hata siku moja. Ukicheza naye wewe, atakuwa kama yuko na mimi." Akashusha sauti. "Naogopa baba. Naogopa nije nirudi, mwanangu anione mgeni."

"Hilo tu?" alisema Dobi. "Nenda kalale, mwanangu. Niachie mimi."

Gari lilipoondoka, akavaa miwani akaisoma. Kanda unga na maji na chumvi. Paka rangi kwa vidole. Pika keki za matope. Funga macho, nusa vitu, taja ni nini. Chimbueni ardhi mtafute nyungunyungu, mwacheni atambae mkononi. Alipofika kwa nyungunyungu akaikunja karatasi na kuketi. Huyu ni mwalimu au mchawi?

Hata hivyo alijaribu, tusimwonee. Kesho yake asubuhi alitandika nailoni mezani, akampimia Kidole unga, maji na chumvi. Kwa dakika mbili mambo yalikwenda vizuri. Kisha Kidole akapiga chafya ndani ya unga. Akaendelea kukanda. Akajikuna kichwani, akakanda. Donge lilianza jeupe, likawa la kijivu, na lilikuwa linavutika kwa namna ambayo unga na maji peke yake havivutiki.

"Babu, onja," alisema, akimsogezea mdomoni. Unywele ulikuwa unaning'inia.

Nyongo ilimpanda Dobi mpaka kooni. Mdomo wa juu ukakunjamana hadi puani, ulimi ukajisukuma nje, jicho moja likafumba lenyewe. "Kinyaa!" alisema. "Weka chini! Mikono juu! Usiguse kitu!" Akamburura hadi bombani, akamsugua mpaka viwikoni kwa brashi ya kusugulia kola. Kidole hakulia. Alikuwa anamtazama usoni kwa hamu kubwa.

"Babu, fanya tena ule uso," alisema.

Usingizini Dobi akapata akili mpya, na aliamka akijiona ndiye mwalimu sasa. Kwani mwalimu anataka nini? Mtoto ahesabu, ajue rangi, apange vitu, anuse. Yote hayo yamo katika udobi, tena bila kuchafuka! Akamkalisha Kidole kwenye kigoda kando ya meza ya kuchambulia nguo. Wakahesabu vibanio kumi, ishirini, thelathini. Wakapanga vifungo, vidogo hadi vikubwa. Kwenye rangi ndiyo akawa bingwa kabisa, maana alimfundisha kwa madoa.

"Hii rangi gani?"

"Kahawia."

"Ya nini?"

"Chai."

"Na hii?"

"Nyekundu iliyolala. Damu. Damu maji baridi, babu, ukiweka ya moto inaganda."

"Mtoto wa kike huyo! Na hii njano ya kwapani?"

"Jasho. Kinyaa." Na mdomo wake mdogo ukakunjamana.

Dobi alicheka mpaka akashika mbavu. Akamfunga macho kwa kitambaa kisafi, akamnusisha kola moja moja, na kwa siku chache tu Kidole akawa anataja: tumbaku, mafuta ya nywele, kitunguu, matapishi. Wateja wakawa wanasimama kumsikiliza. Mama mmoja alicheka sana, mpaka Kidole aliponusa gauni la mama huyo mwenyewe na kusema "mkojo." Mama yule hakurudi tena.

Jirani yake, fundi viatu, aliyekuwa na kibanda ukuta kwa ukuta na Dobi, naye alikuwa akitazama. Hawa wawili walikuwa wakitaniana tangu ujana.

"We mzee wa sabuni, mtoto hachezi matope? Mvua imenyesha vizuri jana."

"Mchezea tope humrukia."

"Na asiyechezea je?"

"Hubaki msafi. Wewe miguu ya watu imeshakuziba pua, huwezi kujua."

"Mimi viatu vya watu navishika," alisema fundi, "lakini watu wenyewe siwakimbii." Dobi akamwona mpuuzi, akarudi kwenye pasi yake.

Jioni binti akipiga simu kutoka wodini, Kidole ndiye anayepokea. "Mama, leo nimehesabu vibanio mia!" Mama upande wa pili anafurahi mpaka sauti inakatika. "Na matope mmecheza? Na rangi ya vidole?" Hapo Dobi huichukua simu. "Tumecheza, mwanangu. Tulichafuka hatari." Akishakata, huchukua kalamu akaweka vema. Kwenye tope vema. Kwenye nyungunyungu vema, bila aibu.

Kitu kimoja alikiona lakini hakukisoma. Kidole aliacha kuchokoa. Paka alipita, sikio lake likapita salama. Wanga ulikaa kwenye beseni, hakuna aliyeuchovya. Mtoto wa jirani alimkatia kipande cha embe alilokuwa akiling'ata, Kidole akarudisha mikono nyuma. "Lina mate yako," alisema. Alikuwa anatembea hivyo sasa, mikono nyuma kama mkaguzi. Dobi alijisikia amepewa cheti. Alimpigia fundi viatu ukuta: umeona adabu hiyo?

Wiki tatu zikatimia. Binti akajifungua salama, mtoto wa kiume, na akaja moja kwa moja kwa baba yake ili auguzwe hapo mpaka apate nguvu. Dobi alijiandaa. Alivaa shati jeupe pee, kola imesimama. Kidole alivalishwa gauni jeupe la wanga lililokuwa likilia kwa ugumu akitembea. Chumba cha nyuma kilitandikwa mashuka ambayo ungeogopa kuyalalia.

Binti aliingia akitembea polepole, akaketi kitandani na kichanga chake. Kanga aliyojifunga ilikuwa imekunjana, nywele hazijaonja kitana siku tatu, na kifuani mwa gauni maziwa yalikuwa yamechora madoa mawili. Alinuka wodi, jasho na maziwa yaliyoanza kuchacha. Dobi aliisikia harufu hiyo tangu mlangoni.

Binti akamweka kichanga kando, akafungua mikono. "Kidole! Mama wee! Njoo!"

Kidole alisimama kizingitini. Akamtazama mama yake kifuani, kisha upindo wa gauni, kisha kifuani tena.

"Maziwa," alisema. "Maziwa yakikauka yananuka. Na lile la chini ni damu. Hukuiloweka."

Binti alicheka. Alidhani ni mchezo. "Ndiyo, mwalimu wangu. Njoo basi unikumbatie."

Mikono ya Kidole ilibaki nyuma. Mdomo wa juu ukapanda puani, ulimi ukatoka, jicho moja likafumba. "Kaoge kwanza," alisema. "Kinyaa."

Dobi aliuona uso wake mwenyewe pale mlangoni, umepungua saizi kama sweta lililofuliwa kwa maji ya moto. Hajawahi kuona kitu kibaya namna ile.

Mikono ya binti ilishuka taratibu. "Baba," alisema, hakumtazama, "mlikuwa mnacheza nini hapa?"

Karatasi ilikuwa ukutani, vema tupu kutoka juu hadi chini. Angeweza kuionyesha. "Sikucheza naye matope," alisema Dobi. "Wala rangi. Wala chochote cha kuchafua. Nilikudanganya. Nilimfundisha madoa."

Binti akatikisa kichwa, na machozi yakaanza kumtoka. "Mama aliniambia wewe hukunishika mpaka nilipoacha udenda. Nilidhani ananitania."

"Hakukutania."

Binti hakugomba, na hilo ndilo lililommaliza Dobi. Alijifuta macho kwa kiganja, akashika ukingo wa kitanda na kuanza kujiinua, uso umekunjamana kwa maumivu ya mshono wa uzazi. "Basi ngoja nikaoge," alisema. "Nishikie huyu mtoto. Nikishaoga atakuja."

Mama ana mshono, hata kusimama ni shida, anakwenda kujisugua ili mwanawe aliyemzaa mwenyewe amguse. Kinyaa chote alichokuwa nacho Dobi kwa makwapa ya dunia kilimgeukia yeye. Alijinuka.

"Kaa," alisema. "Nakwambia kaa. Hakuna mtu anayeoga hapa."

Akamnyanyua kichanga. Hakujua kumshika, alimshika kama furushi la nguo za mtu, kichwa kikaangukia begani. Kichanga kilijinyonganyonga, kikajikaza, kikacheua. Maziwa yaliyotoka yalikuwa mengi kwa tumbo dogo lile. Yalishuka kwenye ile kola iliyosimama, yakaingia shingoni, yakatiririka hadi kifuani, ya uvuguvugu, yanateleza, na harufu yake ya uchachu ikampiga puani. Dobi alitapika kidogo mdomoni, akameza. Sikufichi.

"Babu, doa!" Kidole alipiga kelele.

"Naliona."

"Nilete maji baridi?"

"Liache."

"Litanuka!"

"Linanuka tayari." Macho yalikuwa yakimtoka maji. Akaketi kitandani, bega kwa bega na binti yake, gauni lenye maziwa likamgusa mkono, asisogee. "Njoo ulisome hili. Hili sikukufundisha."

Kidole alimkodolea macho. Babu, shati jeupe, na ule uji unaoshuka, na hakuna bomba linalofunguliwa! Alisogea hatua moja, kisha nyingine, gauni la wanga likilia. Alipofika magotini pa babu, akasimama muda mrefu. Kisha mkono mmoja ukatoka nyuma, na kidole kikanyooka. Kikachokoa.

"La moto," alisema kwa mshangao. Akakisugua kidole kwa kidole gumba. Akakinusa. "Linatoka?"

"Linatoka. Lakini si leo."

Kidole akakitazama kidole chake, akalitazama gauni la mama yake. Akakipeleka pale kifuani, juu ya doa, akakipaka, akalinganisha.

"Yanafanana," alisema.

"Ni maziwa yale yale, mwanangu," binti alisema kwa sauti ya chini. Hakufungua mikono, hakuvuta hata pumzi, alikaa vile vile akiogopa kidole kisije kikaondoka. Kidole hakikuondoka. Kiliendelea kuchora juu ya doa lile, duara, duara, kisha kiganja kizima kikatua.

Dobi alikaa kando yao na uchafu wake, na hakwenda bombani.