Mayai ya Kubembelezea

Mtoto akilia nyumbani kwetu, Mama hakuwa na maneno mengi. Alikwenda bandani kwa kuku wake, akarudi na mayai mawili, akayachemsha, akayamenya mwenyewe, akasema, "Kula, mwanangu, yatapita." Aliyelia kuliko sote ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Kwa hiyo ndiye aliyekula mayai kuliko sote.

Alilia kwa sababu alinuka. Niseme tu waziwazi, maana watu wameshalisema kila namna. Alinuka samaki aliyechacha. Na sijaona mtu anayeoga kama yeye: alijisugua mpaka ngozi ikachubuka, akajipaka ndimu, akajimwagia manukato, na bado harufu ikatokea kwenye jasho na kwenye pumzi. Tunashona magauni ya maharusi, mimi nakata vitambaa, yeye anatia shanga. Tajiri wetu aliihamishia cherehani yake kule nyuma, karibu na choo. Wateja wakadhani ni choo. Maskini choo, kilisingiziwa miaka.

Fundi redio mmoja alimpenda hivyo hivyo. "Pua yangu ilishakufa kwa moshi wa kulehemu," alimtania, na mdogo wangu akacheka huku amejiziba mdomo. Wakachumbiana. Lakini mama mkwe mtarajiwa pua yake ilikuwa hai. Alikuja kutusalimia, akakaa na leso puani, chai hakuigusa. Baada ya hapo fundi akaja peke yake, akaishia mlangoni.

"Mama anasema hawezi kukaa nyumba moja na mtu asiyeoga. Mnisamehe."

Asiyeoga! Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Nilimpa maneno ambayo hayaandikiki. Mdogo wangu alilia, na Mama akaenda bandani.

Mwishowe tulimpata daktari, mwanamke mpole, ambaye hakumuuliza anaogaje. Alimuuliza anakula nini, akachukua mkojo ukapimwe. Majibu yalipotoka alituketisha sote watatu.

"Tumboni mwa kila mtu kuna bakteria," alisema. "Wakipata mayai, maini, maharage, wanatengeneza kitu chenye harufu kali. Kwa wengine ini linakivunja. La kwako, dada, limezaliwa bila uwezo huo, kwa hiyo kinatoka na jasho, pumzi na mkojo. Si uchafu. Nitakuelekeza cha kupunguza."

Mdogo wangu akashusha pumzi ndefu. Mama ndiye aliyeuliza, polepole, "Umesema mayai?"

"Mayai hasa, mama."

Tulipofika nyumbani Mama aliwagawa kuku wote kwa majirani, hata jogoo aliyekuwa kipenzi chake.

Harufu ikapungua, ikapungua, ikaisha. Tajiri akairudisha cherehani mbele, dirishani. Mdogo wangu akawa anaimba akitunga shanga. "Dada, akisikia nimepona atarudi," aliniambia. Sikuwa na moyo wa kumkatisha tamaa. Na mimi nilitaka arudi, pamoja na yale maneno yangu yote.

Akarudi kweli. Nilimwona mlangoni mwa duka la tajiri, nikampiga mdogo wangu kiwiko, akasimama huku anatabasamu. Nyuma ya fundi akaingia mama yake, ameshika mkono wa binti mmoja.

"Tumemleta bibi harusi apimwe," alisema yule mama.

Mdogo wangu alichukua futi kamba. Akampima kifua, kiuno, urefu, akinitajia namba nami nikiandika, kama kwa mteja yeyote. Mama mkwe aliinama karibu naye kabisa kuchagua kitambaa, bega kwa bega, bila leso. Hakumtambua. Fundi alimtambua. Aliangalia sakafu mpaka wakaondoka.

Nyumbani mdogo wangu alijitupa kitandani, akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia, hata siku ile alipoachwa. Mama akainuka kama anavyoinuka siku zote. Akateka maji, akabandika sufuria jikoni, akawasha moto, akatoka nje. Nilimwona amesimama kwenye mlango wa banda tupu, amejishika kichwa.

Alirudi mikono mitupu, akakaa kitandani, akampakata mtoto wake kichwa. Jikoni maji yalikuwa yanachemka.

"Sasa nikupe nini, mwanangu?" akamuuliza.